Mzinga Umejaa

Siku aliyofariki, mzee aliomba maji, akanywa funda moja, kisha akasema kwa sauti iliyonyooka: "Mzinga wa ngomeni umejaa." Akageukia ukutani kama mtu aliyemaliza zamu yake, na hakusema tena.

Maneno hayo yaliusumbua msiba. Kuna waliokuwa wametarajia wosia wa shamba, na kuna waliotarajia radhi. Mdogo wake marehemu, aliyeitwa Meja ingawa jeshini alikuwa mpishi, alitoa hukumu kabla waombolezaji hawajatawanyika.

"Kaka alikuwa anaweweseka. Homa ilishampanda kichwani."

Neno lile lilimchoma mjane. Mumewe hakuwa mtu wa kusema ovyo. Akisema mvua inakuja, mkewe alianua nguo bila kutazama juu. Leo mtu huyo akumbukwe kuwa alikufa akipayuka?

"Twendeni tukautazame," alisema mazishi yalipopita. "Ukiwa mtupu, nitanyamaza. Ukiwa umejaa, shemeji, utaniomba radhi mbele ya watu."

"Mbele ya watu na mbuzi wao," Meja alijibu.

Wakaenda watatu: mjane, binti yake na Meja. Ngome ilikuwa juu ya kilima palipopiganwa vita vikubwa zamani. Paa lilikwisha anguka, ngazi zilipanda zikaishia hewani, na ukuta mmoja tu, wa mashariki, ndio uliokuwa bado umesimama, nao kwa huruma za Mungu. Mzinga mkongwe ulikuwa umegeuziwa ukuta huo ili wageni wapate picha nzuri. Marehemu alikuwa mlinzi hapo, na kila Siku ya Kumbukumbu ndiye aliyeushindilia baruti na kuupiga, mlio mmoja wa heshima.

Muuza tiketi aliwapa pole ndefu yenye machozi, kisha akawakatia tiketi tatu.

"Hata sisi wafiwa?" binti aliuliza.

"Dada, hata mimi ningekufa, mke wangu angelipa."

"Na sherehe ya mwaka huu mliifanya?"

"Sherehe gani! Mgeni rasmi tulimngoja mpaka mvua ikatukuta vitini. Ndipo mzee aliporudi nyumbani na kile kikohozi. Tangu hapo mzinga haujaguswa na mtu."

Meja alichukua uongozi. Aliwaamuru wote wajifiche nyuma ya nguzo, halafu akajificha nyuma yao.

"Shemeji, si ulisema ni mtupu?" mjane aliuliza.

"Mtupu ndiyo. Lakini jeshini tulifundishwa kuuheshimu hata mtupu."

Binti, aliyekuwa mwuguzi na hakuwa na muda wa kupoteza, aliusogelea mzinga akaweka sikio kwenye chuma.

"Mama, unanguruma!"

Meja alilala kifudifudi. Familia moja ya wageni iliyokuwa ikipiga picha nayo ikalala, kwa kumfuata yeye. Kisha kwenye mdomo wa mzinga akatokea nyuki mmoja, akajinyoosha, akaruka kwa utulivu mpaka kwenye kofia ya Meja.

"Nyuki!" binti alipiga kelele. "Umejaa nyuki! Mzinga wa nyuki, mama!"

Watu wakainuka wakijipangusa vumbi. Kicheko kilianzia kwa muuza tiketi, kikamfikia mjane, ambaye hakuwa amecheka tangu alipofiwa. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Mume wake alijua alichosema.

"Haya, shemeji. Watu hawa hapa."

Meja alivua kofia, kwa uangalifu. "Shemeji yangu, nakuomba radhi. Kaka alikuwa na akili zake timamu. Hata pumzi ya mwisho aliitumia kutuachia asali."

"Nimekusamehe. Sasa iache, twende zetu nyumbani."

"Niiache?" Meja alikuwa ameaibika, na alitaka kuondoka na heshima yake. "Shemeji, jeshini nimerina asali kuliko nilivyopika maharage. Muuza tiketi, leta ndoo!"

Ndoo ikaletwa. Meja akasokota nyasi kavu, akaziwasha, akapuliza mpaka zikashika vizuri. Wageni wakasogea, simu mkononi.

"Kosa la watu wengi," aliwaeleza, "ni kutia moshi kwa mbele, nyuki wakakuvamia uso. Moshi huingizwa kwa nyuma. Na hapa nyuma, tazameni, kuna kitundu kizuri kabisa, utadhani kilitobolewa kwa kazi hii."

Siku hizi wageni huingia ngomeni kwa upande wa mashariki, ambako muuza tiketi amehamishia meza yake, na ukitaka kuzungumza na Meja sharti upaze sauti.