Waya Aliosingiziwa Shangazi

"Andika umeme ulikatika, tumalize," bosi aliniambia, amesimama nyuma ya kiti changu.

Baraza la kazi lilitaka ripoti ya jinsi data ilivyopotea kwenye seva, naye akanichagua mimi, fundi wa bei rahisi. Hakujua ni shangazi yangu aliyekaa kwenye benchi nje, ameukumbatia mkoba wake.

Miaka kumi na mmoja alifagia ofisi hii. Kisha orodha ya wafanyakazi waliokatwa vidole na mashine ikatoweka kwenye seva siku moja kabla ya kesi yao, wakubwa wakasema yeye ndiye aliyechomoa waya akipiga deki. Wakamfukuza mchana uleule, ndala zake bado zimelowa. Sijasahau.

Seva ina kumbukumbu zake za ndani, na kila kazi huipa jina. Umeme ukikatika, kazi hubaki nusu. Nilifungua nakala ya siku ile. Jina lilikuwa DROPOBJ, ambalo seva huliandika ikiamriwa kufuta jedwali zima, kama ile orodha. Kazi ilianza, ikakamilika. Pembeni ilikuwapo akaunti ya aliyeamuru.

Ya bosi.

"Majina hayo umeyajulia wapi wewe?" bosi aliuliza, macho kwenye skrini. "Si shule ilikushinda?"

"Nilisoma mwenyewe, mzee. Hasira ilinifundisha."

Nikabonyeza kitufe cha kuchapisha. Printa ikaanza kuguruma. Bosi akainama chini ya meza, pete yake ikigonga ukuta, vidole vyote vitano vya mkono wake vikipapasa waya wa seva.

"Shangazi!" niliita. "Njoo umwone bosi anavyochomoa."