Madoido ya Marehemu

Gari jipya lilikataa kupinda. Lilifika Kona ya Tangi likinguruma vizuri, dereva akazungusha usukani kulia, nalo likaendelea kwenda moja kwa moja kama mbuzi aliyeona majani ng'ambo, mpaka likajikita kwenye ukuta wa matairi chakavu.

Dereva mpya alitoka mzima. Alirudi gereji kwa miguu, kofia ngumu kwapani, na alipopewa kiti hakukaa.

"Injinia, mimi nina watoto," alisema. "Kama hujui gari hili lina nini, mimi siingii tena."

Injinia hakujua. Timu ilikuwa imetwaa ubingwa wa mbio za magari misimu mitatu mfululizo, kwa magari aliyoyachora yeye na kuendeshwa na mdogo wake wa kiume. Mdogo wake sasa alikuwa kaburini, na gari hili, ambalo kwa hesabu zote lilikuwa jepesi na kali kuliko yale ya nyuma, lilikuwa linatafuta wa kumfuata. Alikuwa amebadilisha springi, matairi, bawa la nyuma, hata kiti. Pua tu, ile ile ya magari ya zamani, ndiyo hakuigusa, maana ndiyo iliyowaletea vikombe.

Mafundi walikuwa na jibu lao: marehemu hajaridhia. Ovaroli lake bado lilining'inia kwenye msumari, na hakuna aliyethubutu kuliondoa. Fundi mkuu, mtu mzima na kitambi chake, siku hizi alikohoa kwanza kabla ya kuingia gereji, kama anayebisha hodi kwa wenyewe. Injinia aliwacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila alipoinamia michoro yake alihisi mtu amesimama nyuma yake, ana neno, anasubiri aulizwe.

"Kama ana la kusema na aseme," alimwambia fundi mkuu. "Mimi sina ugomvi naye. Aliyejimaliza kwa madoido ni yeye."

Madoido hayo kila mtu aliyajua. Kila alipokaribia kona ya kulia, kijana yule alivuta usukani kushoto kwanza, gari likatikisa mkia, ndipo akapinda. Watazamaji walisimama vitini kwa raha. Injinia aliyachukia, kwa kuwa yeye alichora gari la kushinda, si la kucheza ngoma. Akimuuliza mdogo wake kama gari lina kasoro yoyote, jibu lilikuwa lile lile: "Gari lako tamu, dada."

Mpaka siku alipojibamiza Kona ya Tangi. Kutoka gereji waliona vumbi tu. Barabarani zilibaki alama za matairi, zimenyooka mpaka ukutani. Msibani, mama yao alipouliza imekuwaje, Injinia alimjibu kwa uchungu: "Nilimkanya, mama. Sikio la kufa halisikii dawa." Tangu siku hiyo mama anamwitikia salamu tu.

"Leteni lile la zamani," Injinia alisema sasa. Lilisimama ukumbini kati ya vikombe, pacha wa lile lililomuua mdogo wake. Akiliona jinsi linavyopinda, atajua jipya limepungukiwa nini. Dereva alikubali, nani ataogopa gari la bingwa?

Alizunguka vizuri, ametulia, kama michoro inavyotaka. Alipofika Kona ya Tangi akazungusha usukani kulia. Gari la bingwa likaenda moja kwa moja. Breki zililia, likasimama shubiri moja kutoka ukutani.

"Hata hili?" fundi mkuu aliuliza taratibu.

Injinia alichukua redio.

"Zunguka tena," alimwambia dereva. "Kabla ya kona, vuta kushoto kwanza. Ndipo upinde."

"Si ndiyo yale ya marehemu?"

"Fanya."

Gari likatikisa mkia, pua ikageuka, likapita kona kama maji kwenye mfereji. Wakamtia dereva kwenye gari jipya, akafanya vile vile, nalo likapita. Mafundi wakakumbatiana. Redio ikakwaruza, dereva anacheka: "Injinia, kumbe dawa ulikuwa nayo!"

Injinia alikuwa ameketi juu ya tairi, redio mapajani, hamsikii. Alikuwa amerudi asubuhi ile ya mashindano ya mwisho, anamfunga mdogo wake mkanda wa kofia, anamsihi: leo tu, kwa heshima yangu, acha madoido, pinda kama nilivyochora.

Na yule kijana, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumsikiliza mtu, alimshika mkono akasema, "Haya, dada. Leo nitakusikia."