Kikohozi cha Kitwana

Usijifanye hukusikia. Sauti za marehemu zilipofanywa mali ya Kampuni, ulinyamaza. Jana jirani yako Bi Ruzuna alipolia, ukaongeza sauti ya redio.

Kila jioni sauti ya mumewe, marehemu Kitwana, ilimsomea hadithi za safari za Mirihi kwenye spika ya Kampuni. Juzi Kampuni ikamwomba maoni.

"Hadithi tamu, ila msomaji anasoma kama mgeni. Kitwana wangu alikuwa akikohoa, halafu ananitania, 'Umelala, bibi wee, au umeshafika Mirihi?' Mrudishieni kikohozi chake."

"Pole, mama," wakajibu. "Msomaji asiyekupendeza tumeshamfuta."

Sasa roketi ya hadithi inatua kwa sauti ya kijana asiyemjua, na Bi Ruzuna anaiuliza spika, "Kitwana, umelala?"

Zima redio. Kapige hodi kwake sasa hivi, kisha twendeni wote tukadai sauti za watu wetu!