Makofi Mawili

Swalehe aliingia kaburini kumpokea mwenzake. Miaka kumi na miwili walifanya aikido pamoja kwenye ghala la korosho pale Kibiti, wakiangushana kwa zamu. Sharti lilikuwa moja: aliyekunjwa mkono akizidiwa na maumivu hupiga mkeka makofi mawili, nawe unamwachia papo hapo.

Wakamshusha. Swalehe akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla. Kiwiko, ndani ya sanda, kilimkaa kiganjani kama siku zote.

"Haya, mwachie," alisema shehe kutoka juu.

Hakumwachia.

"Swalehe, mwanangu. Mwachie mwenzio, tufukie."

"Bado, shehe," alijibu, kiwiko kingali mkononi. "Bado hajapiga."