Zamu ya Nyumba ya Hortense

Alhamisi hiyo sala ya jumuiya iliangukia kwa Hortense. Alichoma maganda ya machungwa, kisha akafunga mlango wa chumba alimolala mumewe na kidonda chake cha kansa.

Wanawake waliimba vizuri mpaka wimbo wa pili, harufu ya kidonda ilipopenya chini ya mlango. Sauti zikapungua, moja moja. Wakiondoka leo, hakuna atakayerudi.

Hortense alikodolea macho miguu ya kiongozi wao, yenye mchanga wa ziwa uliokaukia vidoleni. Vidole vilijikunja. Kiongozi akasimama, akanyanyua kiti chake.

"Samahani, Mama," Hortense alinong'ona.

Yule mama alikibeba kiti hadi mlango wa chumba, akabisha.

"Papa, tuko wanane. Utatupatia nafasi, ama tuimbe hapa mulangoni?"