Bi Nungunungu na Nyanya za Kijani

Aliondokea Bi Nungunungu, mkulima mwenye kupenda sifa. Alipanda nyanya za aina mbili: nyekundu kubwa, za majimaji, na ndogo ambazo huiva zikiwa kijani vilevile, tamu ajabu. Ngedere mwizi aliiba nyekundu tu, akidhani zile nyingine mbichi. Bibi akacheka kimoyomoyo.

Siku moja akamsikia Ngedere akiwaambia wanyama kisimani, “Nyanya za yule bibi ni maji matupu. Kulima hajui.”

Moyo ukamchoma. Akamletea nyanya ya kijani mbio mbio.

“Hebu onja hii, mkosa adabu wee!”

Ngedere akaonja, akafumba macho. “Kumbe! Shikamoo, mama. Kulima unajua.”

Kulipokucha, haikubaki ya kijani hata moja. Bi Nungunungu akabaki na sifa zake, akizishushia kwa nyanya za majimaji.