Hereni Namba Kumi na Nne

Palikuwa na madume wawili wa nguruwe, ndugu wa tumbo moja: Pandikizi, mnene mwenye hila, na Kimbaumbau, mwembamba na mpole. Tangu bwana mifugo awatoe damu kuipima, Pandikizi hakutulia. Alizunguka banda kutwa.

Asubuhi moja Kuku aliingia mbio. "Majibu yametoka! Namba kumi na nne ana alama ya kukua upesi, imo damuni mwake!"

Hereni ya Pandikizi, kile kibati cha namba sikioni, ilikuwa kumi na nne. "Anayekua upesi ndiye anayewahi buchani," aliwaza, akamwendea Kimbaumbau.

"Mdogo wangu, tubadilishane hereni. Yangu inang'aa, itakupendeza."

"Ahsante, kaka! Hujapata kunipa kitu."

Walivuana kwa meno, wakavishana.

Lori la bucha lilipofika, bwana mifugo alisoma namba. "Kumi na nne abaki, atuzalishie. Huyo mwingine mpakieni."

"Mbona anabaki huyu kimbaumbau?" aliuliza dereva.

"Karatasi haikosei."

"Hereni ile ni yangu!" alilia Pandikizi.

"Si umenipa mwenyewe, kaka?"

Watu walisikia kelele za nguruwe tu, wakampakia.

Watoto wa Kimbaumbau walitoka wembamba kama baba yao, na bwana mifugo mpaka leo anaikodolea macho karatasi yake.